Rizista ya Kumi na Sita

Paneli ya king'ora ya nyumba ile ya Mazwi ilikuwa na nafasi nane, na zote zilishajaa. Mlango wa mbele, mlango wa jikoni, sebule, korido, madirisha ya upande wa barabara, geti dogo, gereji, na chumba ambacho mwenye nyumba alikiita ofisi ingawa ndani mlikuwa na kitanda. Aliyeifunga miaka mitatu kabla ni mjomba wangu. Sasa mwenye nyumba, mfanyabiashara wa mazao, alikuwa amejenga stoo nyuma, kubwa kuliko nyumba yenyewe, ya kuwekea mahindi na maharage akisubiri bei ipande. Alitaka stoo nayo iingie kwenye king'ora.

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nimerudi Sumbawanga kwa likizo kutoka Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili ya falsafa, na mwanafunzi wa falsafa akiwa nyumbani kwao anahesabiwa kuwa mikono miwili isiyo na kazi. Mjomba alinichukua siku ya pili tu. Sisi huitana "mjomba" wote wawili, kwa hiyo mtu akitusikiliza tukiwa juu ya dari hawezi kujua nani ni fundi na nani ni saidia fundi, mpaka mmoja aanze kugombezwa.

Ninaandika haya kwa sababu ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Nitakifikia, ila lazima nieleze kwanza kazi yenyewe, maana asiyeielewa kazi hawezi kuliona kosa letu.

Paneli ikijaa huitupi. Unaiongezea bodi. Bodi ya nyongeza ni saketi ya ukubwa wa kiganja yenye nafasi nane nyingine, na inaungwa na paneli kwa nyaya nne: mbili za umeme, chanya na hasi, na mbili za mawasiliano. Ni nyaya hizo hizo zinazotumiwa na kibodi cha namba kilichoko ukutani. Vyote vinaning'inia hapo kama nguo kwenye kamba moja. Ili paneli isivichanganye, kila kifaa kinapewa anwani yake kwa viswichi vidogo unavyovisukuma kwa ncha ya bisibisi. Ukizipa bodi mbili anwani moja, zitajibu kwa pamoja na paneli haitaelewa hata moja. Nilimwambia mjomba kwamba hii ni kama balozi wa nyumba kumi, ule utaratibu wa TANU wa miaka ya 1960: kiongozi wa juu hawezi kujua kila mlango, kwa hiyo anamjua balozi, na balozi anaijua milango. Mjomba akasema balozi wa mtaa wao alikuwa anajua na mboga iliyopikwa. Kisha akaniambia nishike tochi vizuri.

Umeme nao una bajeti. Paneli ile iliweza kutoa miliampea 750 kwa vifaa vyote vya nje, na mjomba alijumlisha mahitaji kwa kalamu kwenye kipande cha boksi: kibodi, sensa za mwendo moja moja, bodi mpya, kifaa cha laini ya simu kinachotuma ujumbe. Ilitosha. Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka kwenye paneli hadi stoo zilikuwa mita 60 za waya mwembamba, na mita ilisoma volti 13.6 mwanzoni na 12.1 mwishoni. Volti moja na nusu ililiwa na njia. Tulizipeleka nyaya za umeme mbili mbili, hasara ikapungua karibu nusu. Sumbawanga kwa miaka mingi iliendeshwa kwa umeme ulionunuliwa Zambia badala ya gridi ya taifa, na hapa kila mtu ana historia yake ya giza. Mjomba hafungi kifaa bila kujiuliza kitakuwa na hali gani saa ya tatu baada ya umeme kukatika, betri ikiwa peke yake.

Sasa rizista.

Mtu akiwaza king'ora anawaza kitu kinachokaa kimya mpaka mwizi aje. Vya mwanzo vilikuwa hivyo. Mwaka 1853 Augustus Russell Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya king'ora cha umeme: mlango ukifunguka saketi inakamilika, mkondo unapita, kengele inalia. Ni ubunifu mzuri wenye tundu moja. Ukikata waya kabla ya kufungua mlango, kengele haitalia kamwe, na mwenye nyumba ataendelea kukoroma, kwa sababu ukimya wa waya uliokatwa na ukimya wa nyumba iliyo salama ni ukimya ule ule.

Paneli za leo haziamini ukimya. Zinapitisha mkondo mdogo kwenye kila waya usiku na mchana, na mwisho wa waya, kule kule mlangoni kwenye swichi ya sumaku, fundi anaweka rizista ambayo ukinzani wake unajulikana, tuseme omu 1,000. Paneli inapima. Ikiipata 1,000 yake inatulia. Ni kama mtu anayeita gizani na kuitikiwa. Na ukitumia rizista mbili badala ya moja, moja mfululizo na swichi, nyingine sambamba nayo, paneli inaweza kutofautisha hali nne. Omu 1,000: mlango umefungwa. Omu 2,000: mlango umefunguliwa. Sifuri: nyaya zimegusana. Ukinzani usio na kikomo: waya umekatika au kiungo kimeachia, kwa hiyo aitwe fundi. Ukitumia rizista moja, mlango kufunguliwa na waya kukatika vinasomeka sawa. Paneli haisemi "sijui". Inasema zoni imefunguliwa.

Zoni nane mpya, rizista mbili kila moja. Mjomba alinunua kumi na sita kamili, kwa sababu ni mtu wa kununua kamili.

Kijana aliyelinda stoo alikuwa akitusaidia tangu asubuhi bila kuombwa. Alitoka bondeni, upande wa Mtowisa, na bado alikuwa akiilalamikia baridi ya huku juu kama mtu aliyedhulumiwa. Alilala kwenye chumba kidogo kilichojengwa ubavuni mwa stoo. Alishika ngazi kwa mikono miwili, si kama wale wanaoshika ngazi huku wanasoma simu. Mchana alituletea ugali wa ulezi na maharage, akakaa nasi chini kwenye magunia matupu tukala. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye, zimefungwa kwa kamba ya kiatu kiunoni.

Baada ya kula, mwenye nyumba alimvuta mjomba pembeni. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Na mlango wa kijana, fundi. Huo usipige kelele. Uniletee meseji tu kwenye simu."

"Yeye anajua, bosi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Mjomba alisema sawa. Mimi sikuulizwa, lakini nilikuwa nimeshika waya.

Kijana aliniona nikichimbia swichi ya sumaku kwenye fremu ya mlango wake, akauliza kwa udadisi tu, kama alivyouliza kuhusu kila kitu siku ile. "Kaka, na huu wa kwangu ni wa nini?"

Nikamwambia: "Ni wa usalama wako. Mtu akijaribu kuingia kwako usiku, inajulikana."

Nimejitetea mara nyingi kwa kusema kwamba hilo halikuwa uongo. Sumaku haijui mtu anaingia au anatoka. Kama mwizi angeufungua mlango ule, ujumbe ungekwenda kweli. Kila neno nililosema lingesimama mbele ya mtihani wa mantiki ambao mimi mwenyewe nimewahi kuwasahihishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akasema, "Asante, kaka."

Mji huu jina lake lenyewe ni sharti la mlangoni. Wanaolifafanua kwa Kifipa husema ni "tupa uchawi": unayeingia, acha nje ulichobeba. Tangu nikiwa mdogo nimesikia wageni wakitaniwa nalo, na nikiwa Dar nalipokea mimi utani huo kila nikitaja kwetu. Lakini Ufipa kuna simulizi nyingine ya mlangoni, na naona aibu kidogo kwamba ilibidi niende maktaba ya Dar kuisoma. Roy Willis, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliiweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1981, A State in the Making. Mfalme wa Milansi amekwenda kuwinda. Wanakuja wanawake wageni kutoka mbali, wanapokelewa nyumbani, wanakaa kwenye kigoda cha enzi, na utawala unahamia kwao. Anaporudi hakuna vita. Wanakubaliana, Milansi inabaki na heshima yake ya kimila, wageni wanatawala nchi. Ukiisoma kwa jicho la mfanyabiashara wa mazao ni habari ya wizi mkubwa uliofanyika kwa sababu mtu aliacha mlango wazi. Wazee waliokuwa wakiisimulia waliieleza kama mwanzo wa nchi yao.

Nilikuwa nikimweleza mjomba hayo tukiwa stoo, yeye akinipa rizista moja moja nami nikizifunga, ndipo moja ikaponyoka. Ilidunda kwenye gunia ikaingia katikati ya magunia ya mahindi. Kijana alikuja na tochi ya simu yake, akalala kifudifudi, akapapasa. Tulitafuta kama robo saa. Kilichopatikana ni sarafu ya shilingi 50, ambayo alimrudishia mjomba akidhani imemdondoka.

Rizista ile bei yake haizidi ya pipi. Lakini duka lilikuwa mjini kati, saa kumi na moja jioni ilishapita, na vidole vilishaanza kufa ganzi kwa baridi. Zilibaki za kutosha zoni zote isipokuwa moja, ambayo ingepata rizista moja tu. Paneli ile iliruhusu kila zoni ipangiwe namna yake, kwa hiyo haikuwa shida ya kiufundi.

Sisi hatukujadiliana. Hilo ndilo ninalorudia kuliko yote. Nimesoma semina nzima juu ya uamuzi wa kimaadili, mtu akisimama kwenye njia panda na kuchagua, na hapa palikuwa na njia panda ambayo hakuna aliyesimama. Mlango mkubwa wa stoo ulipata mbili. Dirisha la nyuma, ambalo lina nondo na halifunguki, lilipata mbili. Mlango wa kijana ukapata moja. Mjomba aliingiza namba kwenye kibodi, zoni ya 11, ya kimya, rizista moja, na mimi nikakisokota kile kiungo kwa mkono na kukizungushia tepu kwa sababu skrubu zilikuwa zimebaki kwenye begi chini. Hakuna aliyesema "ni wa kijana tu". Ilikuwa wazi kama maji yanavyojua upande wa mteremko.

Nilirudi Dar mwanzoni mwa Agosti. Haikupita hata wiki mbili mjomba akapiga simu.

Ujumbe ulianza kuingia kwenye simu ya mwenye nyumba usiku. Zoni 11 imefunguliwa, saa nane na dakika 40. Usiku uliofuata, saa tisa kasoro. Wa tatu, saa kumi. Ufipa mwezi wa nane mchana jua linachoma bati na usiku baridi inalikunja, na kila kilicho chini ya bati kinatanuka na kusinyaa. Usiku wa nne mwenye nyumba hakungoja. Ujumbe ulipoingia alikwenda na tochi, akagonga, na kijana akafungua mara moja, macho makavu, akiwa amevaa koti na viatu. Hiyo ikawa hukumu. Mtu aliyekuwa amelala angechelewa kufungua. Mtu aliyekuwa amelala asingekuwa na koti.

Mimi ni mtu wa Sumbawanga. Mwezi wa nane nalala na koti.

Siku mbili kabla, hesabu ya magunia ilikuwa na upungufu wa mawili. Kijana aliambiwa kuna ushahidi, akadaiwa funguo, akaondoka asubuhi ile ile. Mshahara wa mwezi ulikatwa thamani ya magunia. Siku tatu baadaye ujumbe ukaingia tena, saa nane usiku: zoni 11 imefunguliwa. Chumba kilikuwa kitupu na mlango una kufuli kwa nje. Ndipo akaitwa mjomba, na mjomba akafungua fremu akakuta kiungo changu kimeachia ndani ya tepu, shaba mbili zinagusana na kuachana zinavyotaka.

"Mjomba," aliniambia, "ni kile ulichosokota."

Sijui kama kijana aliiba magunia mawili. Labda aliiba. Labda aliyehesabu alikosea. Ninachokijua ni kwamba ujumbe ule haukuwa na habari yoyote kumhusu. Ulikuwa habari ya kiungo kibovu. Kama mlango wake ungepata rizista mbili, paneli ingeandika kwamba waya una hitilafu, mwenye nyumba angemlaani fundi, na kijana angeendelea kulala na koti lake.

Rafiki yangu anayesoma sheria alinikumbusha Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda maisha binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anaweza kuwa na hoja nzuri. Ila hata kama kijana angesaini karatasi kukubali waya ule, bado tungekuwa tumempa rizista moja. Kosa hilo linakaa mahali pengine, na nimelitafutia jina bila kulipata. Kushukiwa ni sehemu ya kuishi na watu. Mwenye mali ana haki ya kuwa na wasiwasi, na mimi mwenyewe nikiwa hosteli nafunga kabati. Lakini anayemshuku mtu ana deni kwake: atumie kipimo kinachoweza kumtofautisha na bahati mbaya. Kipimo kisichoweza kusema "hapa kuna hitilafu tu" kimeshahukumu kabla hakijapima.

Tunaijua sura mbaya zaidi ya jambo hili. Kule Usukumani vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na moja ya alama iliyotajwa ni macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye kuni na samadi ya ng'ombe atakuwa na macho gani? Waliomwangalia walikuwa na kipimo chenye majibu mawili, meupe na mekundu, na moshi haukuwa na nafasi yake kwenye orodha. Najua umbali uliopo kati ya panga na mshahara uliokatwa, na sitaki kuupunguza. Nazungumzia namna ya kusoma tu. Na angalia ni nani siku zote anasomwa kwa kipimo kifupi: kikongwe asiye na watoto, kijana wa kazi aliyetoka kijijini, msichana wa ndani. Milango mingine yote ina rizista mbili.

Mwaka 1986 Annette Baier, mwanafalsafa mzaliwa wa New Zealand, alichapisha makala juu ya kuaminiana ambayo sisi wote darasani tuliisoma kwa ajili ya mtihani. Alilalamika kwamba wanafalsafa walishughulika mno na mikataba ya watu walio sawa, wakasahau kwamba kuaminiana kwingi kunatokea kati ya wasio sawa. Na alipendekeza jaribio: uhusiano wa kuaminiana uko sawa kimaadili kama usingevunjika pale kila upande unapojua mwenzake anategemea nini hasa. Mume anayebaki mwaminifu kwa hofu ya kufumaniwa tu, mkewe akilijua hilo, kitu fulani kinakufa. Nililitumia jaribio hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, kisha nikaenda nyumbani nikamwambia mtu waya ni wa usalama wake.

Mwenye nyumba alikuwa na methali ya nguoni. Ipo nyingine anayoipenda mjomba, mchawi mpe mwana kulea, na cha ajabu ni kwamba mwenye nyumba aliifuata hata hiyo: funguo za stoo nzima alimpa kijana. Alimpa mwana, kisha akashona kengele ndani ya mbeleko.

Mjomba alikwenda kumweleza ukweli wote, kwamba kosa lilikuwa la mafundi, na akataka kurudisha fedha ya kazi ya zoni ile. Nilimheshimu kwa hilo. Angeweza kukaza kiungo na kunyamaza. Mwenye nyumba alimsikiliza vizuri, akamwagizia na chai. Kisha akasema, "Nimekuelewa, fundi. Lakini ameshaondoka na hasira. Mtu niliyemfukuza siwezi tena kumpa funguo." Hata mimi, kwa siku kadhaa, sikuona pa kulishika neno hilo. Lilikuwa kweli kabisa. Kijana ambaye hakuwa hatari alikuwa amefanywa kuwa hatari.

Nilimpigia kijana. Ilinichukua siku sita. Alikuwa Mtowisa, sauti yake ilikuwa ya kawaida, akaniuliza habari za Dar. Nikamwambia ilionekana waya ulikuwa na hitilafu, kwamba mjomba amekwishamweleza bosi. Nilitumia neno "hitilafu" kama mtu anayetumia kitambaa kushika sufuria.

"Waya upi?" akauliza.

"Ule wa mlangoni kwako."

"Kwani ule ulikuwa wa nini, kaka?"

Hakuwa ameambiwa. Aliambiwa kuna ushahidi, akafikiri kuna mtu amemsingizia, na wiki zote zile alikuwa akiwapitia kichwani watu wa Mazwi mmoja mmoja, mama wa genge, mlinzi wa jirani, akitafuta ni nani. Nikamweleza. Nilieleza vizuri, sumaku, ujumbe, simu ya bosi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia kama simu imekatika.

"Si uliniambia ni wa usalama wangu."

"Ndiyo. Nilikuambia hivyo."

Akasema salio linamwishia, ingawa mimi ndiye niliyepiga.

Desemba nilirudi nyumbani. Mvua zilishaanza, na radi za Ufipa huwapa mafundi kazi nyingi. Tulipita pale Mazwi kukagua kama bodi imesalimika. Kulikuwa na kijana mwingine, mdogo zaidi, mcheshi. Mjomba alifungua boksi la bodi stooni, nikamulika. Zoni ya 9, ya 10, nyaya mbili mbili zimeingia zinapotakiwa. Kwenye zoni ya 11 hapakuwa na waya. Rizista moja ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye skrubu mbili za bodi, imekaa pale kama kisamaki kikavu, na waya wa mlangoni ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni, ncha zake zimefungwa tepu.

Nilihitaji muda kuelewa. Paneli inaita, rizista inaitika palepale, omu 1,000, mlango umefungwa. Utaonekana umefungwa leo na mwakani. Ukiung'oa mlango wote na kuuchoma kuni, kibodi kitasema umefungwa.

"Bosi anajua?"

"Bosi alitaka zoni 11 ifanye kazi. Inafanya kazi."

"Ungemkatalia tu, mjomba."

"Angemwita mwingine, na huyo angefunga kamera." Akafunga kifuniko. "Acha mtoto alale."

Nimebadilisha namba ya zoni katika maandishi haya, na mambo mengine mawili matatu, ili nyumba isijulikane. Hata kufanya hivyo ni kuchagua upande. Nikiliweka tendo la mjomba kwenye jaribio la Baier linaanguka vibaya kuliko la mwenye nyumba, maana sasa kuna mtu anayelipia kitu ambacho hakipo, na siku mwizi wa kweli akipitia mlango ule wa kijana, hakuna kitakacholia. Nikiliweka mbele ya yule wa Mtowisa sijui angesema nini, na sijampigia tena kumuuliza.

Tulipokuwa tunaondoka mwenye nyumba alitusindikiza mpaka getini chini ya mwavuli. Alikuwa na furaha, bei ya mahindi ilikuwa imepanda. Akamshika mjomba bega.

"Huyu wa sasa ni kijana mzuri, fundi," akasema. "Tangu aje, meseji hata moja."